Gari jipya dogo kwa mkaaji wa mlimani: gia kwanza, toleo baadaye

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Tunaishi Isamilo, Mwanza, juu kabisa. Barabara ya kufika nyumbani ni ya mawe na geti letu liko kwenye mwinuko. Tunataka kununua gari dogo jipya. Muuzaji mmoja ana gari la injini ya lita 1 kwa matoleo matatu. La chini ni manyuali tu. La kati limezidi la chini kwa shilingi milioni 3 likiwa manyuali, au milioni 5 likiwa na oto anayoiita AMT. La juu ni AMT tu, nalo limezidi la chini kwa milioni 8. Muuzaji wa pili ana gari la lita 1.5, oto ya kawaida, toleo lake la chini, na bei yake imezidi lile la chini la muuzaji wa kwanza kwa milioni 11. Mama watoto ndiye atakayeliendesha zaidi, kila siku shuleni na kazini Buhongwa. Leseni anayo lakini alijifunzia oto. Jumapili tunakwenda Magu kwa wazazi, tukiwa wanne na mizigo. Tuchukue lipi?

Jibu: Ndugu yangu, anzieni getini kwenu. Karatasi ya matangazo wekeni pembeni kwanza. Nyumba juu, barabara ya mawe, geti kwenye mwinuko na dereva mkuu aliyejifunzia oto: hayo manne yamekwisha kuamua nusu ya swali lenu. Wanunuzi wengi huanza na toleo, yaani skrini, rimu za kung'aa na taa za ukungu, kisha huipokea gia yoyote inayokuja nalo. Ninyi anzeni na gia. Skrini mnaweza kuifunga hata mwakani, lakini giaboksi mtaishi nayo mpaka siku mtakapoliuza gari.

Neno "oto" likitamkwa dukani huwa linafunika mitambo mitatu tofauti, na tofauti zake huonekana mlimani kuliko mahali pengine popote.

AMT ni giaboksi ya manyuali. Ndani mna gia zilezile, plati ya klachi ileile, presha pleti na beringi ya klachi. Kilichoongezwa ni mota au pampu ndogo inayokanyaga klachi na kusukuma gia badala ya mguu na mkono wako, na kompyuta ndiyo inayoiamuru. Suzuki huiita AGS. Kuitambua ni rahisi: tazameni herufi kwenye mkono wa gia. Kwa kawaida mtakuta R, N, D na M, bila P. P haipo kwa sababu hakuna pini ya kuifunga giaboksi. Mkiegesha mlimani mnaliacha gari ndani ya gia kabla ya kuzima, handibreki mnaivuta barabara, na kwa mwinuko wa Isamilo jiwe nyuma ya tairi si ushamba hata kidogo.

CVT haina gia za hatua. Ina puli mbili zinazobana na kupanuka, na mkanda wa chuma unaopita kati yake. Mkikanyaga mafuta, injini inapanda sauti na kubaki hapohapo huku gari likiongeza mwendo pole pole. Tambarare ni tamu na inabana mafuta.

Oto ya kawaida, ile yenye gia 4 au 6 kwenye magari madogo, ina toki-konveta: chombo cha duara kilichojaa mafuta, kilichokaa kati ya injini na giaboksi. Injini inazungusha mafuta, mafuta yanazungusha giaboksi. Wakati wa kuondoka hakuna plati kavu inayosuguana, na chombo hicho huikuza nguvu ya kuzungusha kwa muda mfupi, kinapobanwa sana hadi karibu maradufu. Ndiyo maana gari la oto ya zamani, hata likiwa la kizamani kwa kila kitu kingine, huondoka mlimani kwa utulivu ambao AMT mpya kabisa haiufikii.

Sasa tazameni mahali mnapoishi. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na Isamilo iko juu zaidi ya hapo. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo (turbo, chombo kinachoisukumia injini hewa) hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kimo hiki. Injini ya lita 1 iliyoandikwa kilowati 49 kwenye karatasi, kama ile ya Suzuki S-Presso, huku kwetu inafanya kazi kama ya kilowati 44. Ongezeni watu wanne, kiroba cha mchele cha kutoka Magu na kiyoyozi kinachozunguka. Gari litapanda, hakuna shaka, lakini litapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, na kila kuondoka kutaidai klachi zaidi. Kwenye manyuali mzigo huo unaupima kwa mguu wako. Kwenye AMT anayeupima ni kompyuta, nayo hailioni geti lenu wala haijui kwamba mtoto anachelewa kulifungua.

Hapo ndipo AMT inapoumia. Dereva aliyejifunzia oto ya kawaida ana desturi ya kulishikilia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, kwa sababu toki-konveta huvumilia hilo kwa muda. AMT ikifanyiwa hivyo inaiacha klachi nusu imeshika, nusu imeachia. Plati inasuguana, inapata moto, harufu ya kuungua inaingia ndani ya gari. Magari mengi ya AMT yana ulinzi: taa ya onyo inawaka au kengele inalia, kisha gari linakataa kuondoka mpaka klachi ipoe. Jambo hilo likitokea katikati ya mlima, lori la mchanga likiwa nyuma yenu, ni hatari.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika uchumba, fanyeni jaribio la geti. Mwombeni muuzaji gari lifike nyumbani kwenu. Akisema haiwezekani, tafuteni mwinuko unaofanana nao, hata wa Bugando. Ndani wakae watu wazima wanne. Kiyoyozi kiwashwe. Dereva awe mama watoto mwenyewe, wala si muuzaji, wala si wewe.

Kwanza asimame katikati ya mwinuko, aachie breki bila kugusa handibreki, ahesabu. Gari lenye mfumo wa kulishikilia mlimani litakaa sekunde 2 hivi kabla halijaanza kurudi; sekunde hizo zinatosha kuhamisha mguu. Lisilo na mfumo huo litarudi papo hapo. Mfumo huu mara nyingi unakuja pamoja na ESC, yaani mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, na mara nyingi umewekwa kwenye toleo moja ukaachwa kwenye jingine, kwa hiyo msikubali jibu la "magari yetu yote yanao". Ujaribuni kwenye gari lilelile mtakalonunua.

Pili, na hili ndilo jaribio gumu kuliko yote, aingie getini kwa rivasi, akipanda, kwa mwendo wa kutambaa, sentimita kwa sentimita, kama vile kuna ukuta nyuma. Arudie mara 5 mfululizo. AMT hufanya vibaya hapa kuliko mahali pengine popote: inashika ghafla, gari linaruka nusu mita, dereva anakanyaga breki, inaachia, gari linarudi. Ikiwa baada ya mara ya tatu mnasikia harufu au mnaona taa ya onyo, mmekwisha kupata jibu. Oto ya toki-konveta itafanya zoezi hilo kwa utulivu zaidi. CVT nyingi za sasa nazo zina toki-konveta mbele yake, kwa hiyo kuondoka si tatizo lao; tatizo lao ni joto pale mnapopanda mlima mrefu mkiwa na mzigo, na lile la mafuta nitakalolieleza.

Zoezi hilohilo litawafaa mkipanda kivuko cha Kamanga, ambako unaingia kwa kutambaa kwenye bati lililoinuka huku mtu akikuelekeza kwa mkono. Kigongo na Busisi sasa pana daraja la kilomita 3 hivi lililofunguliwa mwaka 2025, hivyo kero ya upande ule imekwisha.

Msisahau kushuka. Kutoka juu mpaka barabara ya lami mnashuka kila asubuhi breki zikiwa baridi, lakini jioni moja mtashuka mkiwa mmejaza gari. Manyuali unaweka gia ya pili na injini inalizuia gari. AMT unahamishia M na kuchagua 2. Oto ya kawaida unashusha mpaka 2 au L. CVT unatafuta L, S au B kutegemea kampuni. Anayeshuka Isamilo akiwa kwenye D huku mguu ukikaa juu ya breki muda wote anazipasha breki moto, na siku moja pedali itakuwa laini kama sponji. Mama watoto afundishwe hili siku ya jaribio.

Je, manyuali? Kwa anayeijua, manyuali ndiyo gia ya mlimani isiyo na wasiwasi, na ndiyo rahisi kutunza. Klachi ikiisha, fundi yeyote mzuri wa Mwanza anaibadilisha: plati, presha pleti na beringi, vitatu kwa pamoja. Msikubali kubadilisha plati peke yake ili kuokoa hela, maana gharama kubwa ni kuishusha giaboksi, na beringi ya zamani ikifa miezi mitatu baadaye mnaishusha tena. Mafuta ya giaboksi ni lita 2 hivi, na daraja lake kwa kawaida ni GL-4. Fundi akitaka kuwawekea GL-5 kwa hoja kwamba "ni nzito, ni bora", mkatalieni: kemikali zilizomo ndani yake zinaweza kuidhuru shaba ya pete za kulinganisha gia, na baadaye gia zinaanza kugoma kuingia. Betri ikifa, manyuali inasukumwa ikawaka. AMT, CVT na oto ya kawaida hazisukumwi.

Lakini atakayelitumia ni mama watoto. Kumnunulia manyuali mtu aliyejifunzia oto, anayeishi juu ya Isamilo, ambaye kila asubuhi ana foleni ya Igogo mpaka Mkuyuni, kwa sababu tu mnaokoa milioni kadhaa, ni kumpa mateso. Kama yeye mwenyewe anataka kujifunza, wiki 3 au 4 za mazoezi ya kila siku zinatosha kumfikisha kwenye kubalansi klachi mlimani bila kuzima wala kurudi nyuma. Hapo toleo la kati la manyuali ni ununuzi mzuri sana. Kama hataki, jambo hilo lifungwe. Msimshawishi kwa hesabu za mafuta.

Na hizo hesabu za mafuta zenyewe si kubwa kama zinavyovumishwa. Buhongwa kila siku ya kazi na Magu kila Jumapili, kilomita 60 hivi kwenda na 60 kurudi, inawapa takribani kilomita 1,200 kwa mwezi. Gari dogo likila lita 6 kwa kila kilomita 100, hizo ni lita 72. Oto ya gia 4 ikizidi kwa asilimia 10, mnaongeza lita 7 kwa mwezi. Zidisheni kwa bei ya kituo chenu cha mafuta mtaona: ni pesa, ila si pesa ya kuwafanya mchague gia isiyowafaa.

Nije kwenye mafuta ya giaboksi, kwa sababu hapa ndipo gari jipya la oto huuawa huku mwenyewe akiamini analitunza. Mitaani tunaita mafuta yote ya oto "haidroliki", na mtu anaagiza haidroliki kama anavyoagiza soda. CVT ikiwekewa haidroliki ya oto ya kawaida, mkanda wa chuma unakosa mshiko unaohitaji kwenye puli, unateleza, unachubua puli, na chembe za chuma zinazunguka giaboksi nzima. Mara nyingi hakuna tena cha kutengeneza, inabaki kubadilisha. Andikeni jina kamili la mafuta kutoka kwenye kitabu cha gari, likae kwenye simu zenu nyote wawili, na mafuta yafunguliwe kopo mkiwa mmesimama pale. Kitabu kikisema mafuta hayabadilishwi maisha yote ya gari, kwa mlima na vumbi la kwetu msikitegemee. Kila kilomita 40,000 hadi 60,000 yabadilishwe. Kwa gari dogo, kufungua bolti ya chini hutoa lita 3 au 4 tu, kwa kuwa mengine yanabaki ndani ya toki-konveta. Hiyo ni kawaida. Kinachotoka ndicho kinachorudishwa, kwa kipimo kilekile, kisha kiwango kinahakikiwa giaboksi ikiwa na joto linalotajwa kitabuni.

AMT ina mtego wake. Klachi ikibadilishwa, kompyuta lazima ifundishwe upya mahali plati mpya inapoanza kushika, na kazi hiyo inahitaji kifaa cha uchunguzi chenye programu ya gari hilo. Fundi hodari asiye na kifaa atafunga kila kitu sawasawa, na gari bado litaruka kama chura au litakataa kuingia gia. Kwa hiyo muulizeni muuzaji swali hili kwa maneno haya: "Klachi ikiisha, nani hapa Mwanza ana kifaa cha kuifundisha?" Jibu likiwa ni kupeleka gari Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, hilo nalo ni sehemu ya bei. Betri dhaifu pia huisumbua AMT mapema kuliko giaboksi nyingine, kwa kuwa mota za gia zinakula umeme wake.

Sasa toleo. Nina kanuni moja hapa na naiamini kabisa: lipeni kiwandani kwa kile kisichoweza kuongezwa baadaye, vingine vyote subirini.

Visivyoongezwa ni hivi: ABS, ESC, eabegi, mikanda inayojikaza ajali inapotokea, vishikio vya viti vya watoto, na vile vya kuegemezea kichwa kwenye kiti cha nyuma. ESC ndiyo ninayoipigania kuliko zote. ABS inazuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, usukani ukabaki unatii. Kwenye changarawe inaweza hata kurefusha kidogo umbali wa kusimama. ESC inafanya zaidi: gari likianza kuteleza ubavu, inashika breki ya tairi moja peke yake na kupunguza nguvu ya injini kabla hujagundua kilichotokea. Barabara za mawe za milimani kwetu zikinyeshewa zinakuwa kama sabuni, na udongo mweusi wa mbugani upande wa Magu ukiletwa na matairi ya matrekta juu ya lami ni hivyohivyo. Baadhi ya kampuni huiandika ESP au VSC. Gari likiwashwa, taa yake yenye picha ya gari na mistari ya nyoka lazima iwake kwenye dashibodi kisha izime. Isipowaka kabisa, gari halina, hata karatasi isemeje.

Na karatasi hudanganya bila mtu kukusudia, kwa sababu gari la jina moja hutengenezwa tofauti kwa kila soko. S-Presso iliyouzwa India ilipata nyota 0 kwenye majaribio ya kugonga ya Global NCAP mwaka 2020. Ile iliyouzwa Afrika Kusini ikapimwa mwaka 2022 ikapata nyota 3 kwa ulinzi wa watu wazima. Kwa hiyo video ya mtandaoni ya Mhindi au ya mtu wa Johannesburg haiwaambii gari lililoko kwenye yadi ya Mwanza lina nini. Hesabuni wenyewe: neno la eabegi limechapwa kwenye usukani, kwenye dashibodi mbele ya abiria, na pembeni mwa viti kama zipo.

Baada ya usalama, kuna vitu vichache vya toleo la kati ambavyo ningevilipia kwa familia yenu. Kiti cha dereva kinachopanda na kushuka, pamoja na usukani unaoinamishwa: mnaendesha wawili wa vimo tofauti, na juu ya mlima wenu, pale gari linapoinua pua, dereva mfupi asiyeona mbele ya boneti anaendesha kwa kubahatisha. Waipa ya kioo cha nyuma: gari la mgongo uliokatika hujivutia vumbi lote nyuma, na kwenye matoleo ya chini waipa hiyo mara nyingi haipo. Kiti cha nyuma kinacholala nusu kwa nusu, ili mtoto mmoja akae na gunia lilale kando yake. Matoleo mengi ya chini hulaza kiti chote au hakuna kitu. Kiyoyozi kiwepo cha kiwandani, kwa kuwa kwenye vumbi madirisha yanafungwa, ila cha kuzungushwa kwa mkono kinatosha. Kile cha kujipima chenyewe ni pesa ya bure.

Redio yenye skrini, kamera ya nyuma, alamu, mazulia ya mpira, taa za ukungu: vyote vipo mjini na vinafungwa kwa siku moja. Sharti moja tu. Wakati wa garantii msimruhusu mtu akate nyaya za gari. Tumieni soketi zinazochomekwa, na mpate kwa maandishi kutoka kwa muuzaji kwamba kufunga kifaa hicho hakuvunji garantii.

Rimu ndizo zinazowatoa watu pesa kwa kujidhuru. Toleo la chini huja na rimu za chuma za inchi 14 na tairi kama 165/70, yaani upana wa milimita 165 na ubavu wa asilimia 70 ya upana huo. La juu linaweza kuja na rimu za aloi za inchi 16 na tairi kama 185/55. Pigeni hesabu ya ubavu wa tairi: 165 mara 0.70 ni milimita 116. 185 mara 0.55 ni milimita 102. Hizo milimita 14 ndizo zinazopokea pigo la jiwe badala ya rimu. Rimu ya chuma ikipinda inagongwa na nyundo mkaondoka. Ya aloi inapasuka, na tairi ya inchi 16 ni ghali zaidi kila mnapobadilisha. Kwa barabara ya mawe, rimu ya chuma ni faida mnayoipata bure kwa kununua toleo la chini. Fungueni pia buti mwone tairi la akiba. Liwe la saizi kamili, pamoja na jeki na spana yake. Tairi jembamba la muda halitawafikisha Magu na kurudi, na kopo la gundi halizibi tairi lililochanwa ubavuni na jiwe.

Sasa turudi kwenye hesabu yenu ya shilingi, maana ndani yake mna jambo ambalo huenda hamkuliona. Mnalinganisha gari la kwanza na lile la lita 1.5 mnaona pengo la milioni 11, linatisha. Lakini manyuali ya chini hamtaichukua, kwa sababu ya dereva. Mnacholinganisha hasa ni AMT ya juu na oto ya lita 1.5, na pengo hapo ni milioni 3. AMT ya juu inawapa skrini, aloi na urembo juu ya injini na klachi ambazo mlima wenu utazichosha. Gari la pili, hata kwa toleo lake la chini, linawapa injini kubwa kwa nusu nzima na toki-konveta. Kati ya hayo mawili sioni la kujadili, alimradi toleo hilo la chini la lita 1.5 lina ABS, ESC na walau eabegi mbili. Likikosa ESC, ulizeni toleo lake la kati kabla ya kurudi kwenye lita 1.

Kama milioni hizo hazipo, basi AMT ya kati, ile ya kuzidi milioni 5. Ya juu hapana. Na iwe tu kama imepita jaribio la geti mikononi mwa mama watoto na ina mfumo wa kulishikilia gari mlimani. Ikishindwa jaribio, subirini miezi michache mwongeze pesa. Gari la milioni nyingi lisiloingia getini kwenu bila kunuka klachi litakuwa linauzwa ndani ya mwaka mmoja, na gari jipya hupoteza thamani kubwa zaidi katika mwaka huohuo wa kwanza. Kumbukeni pia kwamba bima kubwa hukokotolewa kwa thamani ya gari, kwa hiyo kila milioni ya urembo mnailipia bima kila mwaka.

Mkishaamua, kabla ya kulipa, profoma iandikwe kwa ukamilifu: toleo kwa jina lake, aina ya giaboksi, idadi ya eabegi, ABS, ESC, tairi la akiba la saizi kamili, funguo mbili, bei ikiwa pamoja na VAT ya asilimia 18 na gharama za usajili. Muuzaji akisema "hayo yanajulikana", mwambieni basi hayatamgharimu kuyaandika. Namba ya chasisi iliyoko kwenye profoma ifanane na iliyogongwa kwenye gari mlilolijaribu.

Angalieni pia lilitengenezwa lini. Gari linaweza kuwa halijawahi kusajiliwa na bado limekaa yadini miaka miwili juani. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu 4: 1825 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2025. Tairi zote nne na la akiba zikaribiane tarehe. Betri ipimwe gari likiwa limezimwa usiku kucha, isipungue volti 12.4. Mkikuta gari limekaa, ombeni betri mpya na punguzo, na garantii ianze kuhesabiwa siku mnayokabidhiwa.

Kilomita 1,000 za kwanza msilibane kwa mwendo mmoja mrefu wala kukanyaga mafuta mpaka sakafuni. Isamilo pandeni kwa gia ya chini, injini ikizunguka kwa uhuru, kiyoyozi kikizimwa pale penye mwinuko mkali. Kichujio cha hewa kifunguliwe kila kilomita 5,000 kwa sababu ya vumbi, hata kama kitabu kinasema 10,000. Na ile harufu ya klachi, kama mtachukua AMT, mkiisikia hata mara moja: simameni, vuteni handibreki, wekeni N, subirini dakika 10 hadi 15 klachi ipoe ndipo muondoke.